Madumu ya Ziba: hesabu ya watu na maji Tabora

Baiskeli ya kubebea maji huko Ziba, wilayani Igunga, hufungwa madumu matano: mawili kila upande na moja juu ya keria. Dumu moja ni lita 20, kwa hiyo jumla ni kilo 100, na penye mchanga mwenye baiskeli hushuka akaisukuma. Mpagazi wa Kinyamwezi wa zama za misafara, aliyetoka Tabora kwenda Bagamoyo na pembe za ndovu, alibeba kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Baiskeli hii inabeba mizigo ya wapagazi watatu, na mzigo wenyewe unaisha siku hiyohiyo.

Ukitaka kujua kwa nini foleni ya madumu kisimani haipungui, anza na sensa. Mwaka 2012 Mkoa wa Tabora ulikuwa na watu 2,291,623. Mwaka 2022 walikuwa 3,391,679. Ndani ya miaka kumi wameongezeka asilimia 48, wakati Tanzania nzima iliongezeka asilimia 37. Ni watu 110,000 kwa mwaka. Kila kukicha, 300.

Sera ya Maji ya 2002 ilitaka mwanakijiji apate lita 25 kwa siku, ndani ya mita 400, na kituo kimoja cha kuchotea kihudumie watu 250. Gawanya. Hao 110,000 wanadai vituo vipya 440 kila mwaka, ili tu hali isizidi kuwa mbaya. Sasa shuka hadi kwenye kaya. Familia ya watu sita inahitaji lita 150, madumu saba na nusu. Mama anayebeba kichwani ataenda mara nane. Kisima kikiwa mwendo wa nusu saa kwenda na kurudi, zimekwisha saa nne za siku yake. Hizo saa nne haziandikwi katika bajeti ya halmashauri yoyote, nami naziona ndiyo gharama kubwa kuliko zote.

Watu hawa wametoka wapi? Wengi wamezaliwa hapahapa. Utafiti wa afya wa 2015/16 ulikuta Kanda ya Magharibi, yaani Tabora na Kigoma, ina wastani wa watoto 6.7 kwa kila mwanamke, dhidi ya 5.2 kitaifa. Palizi ya pamba na uchungaji wa ng'ombe vinataka mikono. Wengine ni wahamiaji: wafugaji wa Kisukuma waliofuata malisho, na Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 wakapewa makazi Ulyankulu, ambao wengi sasa ni raia wenzetu.

Kwingine serikali inalia na upungufu wa watu. Sensa ya 1989 iliikuta Urusi na watu milioni 147. Ya 2021 ikatoa hesabu ileile, tena Crimea ikiwa imejumlishwa. Wasovieti, waliotawala Urusi zamani, walianza kuwatoza kodi wasio na watoto mwaka 1941, na mwaka 1944 wakaanzisha nishani ya mama wa watoto kumi. Kodi na nishani havikuizuia idadi ya watoto kushuka. Mambo ya uzazi huamuliwa nyumbani, kwa hiyo asitokee kiongozi wa kutuambia tungoje watoto wapungue ndipo maji yatoshe. Waliozaliwa wana kiu leo.

Bomba la Ziwa Victoria limefika Tabora, Nzega na Igunga kwa mkopo wa India wa dola milioni 268. Ni kazi kubwa na tunaishukuru. Lakini bomba kuu ni mwanzo tu. Kijiji kinakunywa kwenye kituo chake.

Tabora ikiendelea kukua kwa kasi hii, sensa ya 2032 itakuta watu milioni 5. Nyongeza hiyo ya milioni 1.6 inahitaji vituo 6,500. Waheshimiwa madiwani, mkikaa kupitisha bajeti ya maji, ulizeni kwanza: tangu mwaka jana tumeongezeka wangapi, na tumejenga vituo vingapi?