Fahamu: Matairi ya Gari la Kasi na Namna ya Kuyahifadhi
Nchini Ujerumani, ambako baadhi ya barabara kuu hazina kikomo cha mwendo, mwenye Porsche 911 hana budi kusoma ubavu wa tairi kabla ya kulinunua: herufi Y huruhusu hadi kilomita 300 kwa saa, N yenye tarakimu ni idhini ya Porsche yenyewe, na tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT, mathalani 3524, hubainisha wiki ya 35 ya mwaka 2024, jambo ambalo aghalabu watu hughafilika nalo, ilhali mpira huzeeka hata ghalani.

Hari ishukapo chini ya nyuzi 7 za Selsiasi, tairi la kiangazi hukakamaa na kupoteza mshiko. Basi livuliwe, lioshwe, likaushwe, kisha lihifadhiwe gizani, mbali na mafuta na mota za umeme zitoazo ozoni, adui mkubwa wa mpira. Lisilo na rimu lisimamishwe wima. Lenye rimu lilazwe au litundikwe.