Digrii ya uhandisi Kwale: deni huanza kudai kabla mshahara haujakua

Pwani ya Kusini haijakosa saiti miaka ya karibuni. Shimoni ina mradi wa bandari ya uvuvi chini ya Mamlaka ya Bandari Kenya (KPA). Barabara ya Dongo Kundu imeifungulia Kwale njia ya kwenda Mombasa bara bila kungoja feri ya Likoni. Kinango kuna bwawa la Mwache. Mzazi wa Shimoni au Vanga ambaye bintiye ameitwa chuoni kusomea uhandisi wa ujenzi huona kazi tele mbele yake. Swali ni kama kazi hizo zitalipa deni la masomo.

Tupige hesabu. Shahada hii huchukua miaka 5. Katika mfumo wa ufadhili ulioanza 2023, ambao Mahakama Kuu iliutangaza kuwa kinyume cha Katiba Desemba 2024 na serikali ikakata rufaa, familia za kundi la kwanza, zenye kipato cha chini kabisa, hulipa asilimia 5 ya karo. Asilimia 70 ni ufadhili usiorejeshwa, na 25 ni mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB). Juu yake kuna mkopo wa matumizi, Sh60,000 kwa mwaka.

Tuseme kozi inagharimu Sh240,000 kwa mwaka. Nyumbani zitatoka Sh12,000 tu, na hapo ndipo wengi huishia kuhesabu. Lakini mwanafunzi atakuwa amekopa Sh60,000 za karo na Sh60,000 za matumizi kila mwaka. Akihitimu anadaiwa Sh600,000. Kwa riba ya asilimia 4, bila kuhesabu riba ya miaka ya chuoni, kulimaliza deni hilo kwa miaka 10 ni kama Sh6,075 kila mwezi.

Je, mshahara unaweza kulibeba? Chukua mhandisi kijana anayelipwa Sh50,000. Hifadhi ya uzeeni ya NSSF itachukua Sh3,000, bima ya afya ya SHIF Sh1,375, ada ya nyumba Sh750, na kodi ya mapato kama Sh5,850. Anabaki na Sh39,000 hivi. Akilipa HELB, mkononi zinabaki takriban Sh33,000. Hazitoshi kwa anasa za Diani, lakini mtu anaishi na deni linapungua.

Basi ukubwa wa deni si hoja. Hoja ni wakati wake. HELB huanza kudai mwaka mmoja baada ya masomo, na asiyelipa hutozwa faini ya Sh5,000 kwa mwezi. Lakini mhitimu huanza kwa kusajiliwa na Bodi ya Wahandisi (EBK) kama mhandisi mhitimu, na huhitaji angalau miaka 3 ya kazi kabla ya kuwa mhandisi kamili mwenye mamlaka ya kuidhinisha michoro kwa sahihi yake. Miaka hiyo wengi huwa katika mafunzo ya kazini au mikataba ya miezi michache. Posho ya Sh25,000 ikitolewa Sh6,075, karibu robo imekwenda. Na fundi mwashi anayepata Sh1,200 kwa siku, akifanya kazi siku 24, anafikisha Sh28,800 na hadaiwi na mtu.

Isitoshe, mwajiri mkubwa wa taaluma hii, moja kwa moja au kupitia wakandarasi, ni serikali. Malimbikizo ya madeni ya wakandarasi wa barabara yalifika mahali ambapo mwaka 2025 serikali iliweka rehani sehemu ya ushuru wa mafuta ili kupata Sh175 bilioni za kuwalipa. Mkandarasi asipolipwa, saiti hulala, na wa mkataba ndio wa kwanza kuambiwa warudi nyumbani. Sekta binafsi nayo si kinga: mgodi wa Base Titanium ulifunga uchimbaji Kwale Desemba 2024.

Ng'ambo ya mpaka wa Lunga Lunga, Tanzania hukata asilimia 15 ya mshahara wa mnufaika wa HESLB, bodi yake ya mikopo ya wanafunzi, na mwaka 2021 iliondoa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo. Kwa mwenye Sh50,000 kiwango hicho kingekuwa Sh7,500, zaidi ya hesabu yetu. Kwa mwenye Sh25,000 kingekuwa Sh3,750. Makato hupanda na kushuka na kipato. Australia ilianza kufungamanisha marejesho na kipato tangu 1989. Kenya haina sababu ya kuendelea kumtoza faini kijana ambaye saiti yake imefungwa.

Sheria isipobadilika, familia ina jambo moja mkononi mwake. Nusu ya deni letu ni pesa za matumizi. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa anayekaa kwa shangazi Likoni na kuvuka feri bure kwa miguu anaweza kukopa nusu ya fedha hizo. Deni litashuka hadi Sh450,000, na rejesho hadi Sh4,556.

Digrii hii bado inalipa, ila kwa atakayeivuka miaka ya mwanzo ya kazi. Mzazi anayeweka akiba ya karo na aweke pia ya miaka hiyo.