Sharti na Sanaa katika Etudi ya Chopin, Opasi 10 Namba 5

1.0 Utangulizi

Neno etudi, lenye asili ya Kifaransa, lina maana ya "zoezi". Mwanzoni mwa karne ya 19 lilitaja kazi fupi za piano za kunoa vidole vya wanafunzi, kama zile za Carl Czerny. Frédéric Chopin (1810–1849), mtunzi kutoka Polandi, aliligeuza zoezi hilo kuwa sanaa ya jukwaani. Makala haya yanaonyesha jinsi sharti moja la kiufundi lilivyozaa sanaa katika etudi ya tano ya mkusanyo wake wa Opasi 10, uliochapishwa mwaka 1833 na kutunukiwa Franz Liszt.

2.0 Sharti na Athari Zake

Kila oktavu ya piano ina vibonyezo 12: vyeupe 7 na vyeusi 5. Katika etudi hii mkono wa kulia hupiga vyeusi pekee, isipokuwa noti moja tu karibu na mwisho. Mkono wa kushoto haufungwi na sharti hilo.

Athari zake ni mbili. Kwanza, vibonyezo vyeusi ni vyembamba na vimeinuka, na mafundisho ya zamani yalikiepusha kidole gumba navyo. Hapa gumba hakina pa kukimbilia, nazo noti zaenda tatu tatu kwa kasi kubwa. Pili, sauti zikiwa tano tu, melodi hupata wepesi wa nyimbo za skeli ya noti tano, huku mkono wa kushoto ukibadilisha upatanifu chini yake.

Hali hii yafanana na ya mshairi wa Kiswahili afuataye urari wa vina: kina kimnyimacho maneno mengi ndicho kimsukumacho kulipata neno ambalo asingelifikiria.

3.0 Hitimisho

Hata hivyo, kina husikika, ilhali rangi ya kibonyezo haisikiki. Mwaka 1839, katika barua kwa Julian Fontana, Chopin alishangaa kwamba Clara Wieck aliichagua etudi hii, kwani aliiona kuwa yenye mvuto mdogo kuliko zote kwa asiyejua kwamba ilikusudiwa vibonyezo vyeusi. Wasikilizaji wa baadaye hawakuithibitisha hofu hiyo: etudi imependwa hata na wasiolijua sharti lake. Sharti, basi, ni la mtunzi na mpigaji. Tunda lake ni la msikilizaji. Kwa hiyo kuifasiri etudi kuwa "zoezi" tu ni kutaja asili yake na kuiacha hadhi iliyoipata.