Sakafu ya Mbao Yataka Nafasi

Watu wengi hudhani ya kuwa ubao mgumu kama mvule, ukiisha kukauka, haujongei tena. Sivyo. Wakati wa masika ubao hunywa unyevu wa hewa ukatanuka, na wakati wa kiangazi hunywea. Hutanuka hasa kwa upana. Kwa urefu ni kidogo mno. Sakafu iliyobanwa na kuta haina pa kwenda, basi huinuka katikati kama mgongo wa ngamia na kung'oa misumari. Hasara hiyo si ndogo, maana mvule si bei rahisi.

Fundi stadi huziweka mbao chumbani siku kadhaa kabla ya kuzipigilia, kisha huacha nafasi ya milimita 12 hivi kando ya kuta zote. Chumba kipana hutaka zaidi. Nafasi hiyo hufunikwa kwa ubao mwembamba, nao hupigiliwa ukutani, wala si sakafuni.