Je, Wajua? Bi Kidude: Msondo, Sauti na Filamu

Je, wajua kwamba Bi Kidude, anayekumbukwa kwa taarabu, alikuwa pia mpiga ngoma wa kutisha? Jina lake halisi ni Fatuma binti Baraka, binti wa mchuuzi wa nazi, mzaliwa wa kijiji cha Mfagimaringo, Unguja.

Je, wajua msondo wake aliupigaje? Ngoma ile ni ndefu. Aliifunga kiunoni kwa kanga, akaipanda kama farasi, akaipiga kwa viganja huku akiimba. Hata akiwa bibi kizee aliipiga hivyo, na vijana waliomzunguka ndio waliochoka kwanza. Kwangu mimi, siri ya sauti yake iko hapo: aliimba kama mtu anayepiga ngoma, kila neno likiwa na kishindo chake.

Je, wajua kwamba unyago aliowafunda mabinti wa Unguja una asili ya bara? Enzi za biashara ya utumwa, wanawake wa kusini, Wayao na Wanyasa miongoni mwao, walivushwa bahari kwa nguvu. Mikindani, jirani ya kijiji cha Madimba huko Mtwara, ilikuwa moja ya bandari za biashara hiyo. Wanawake hao walinyang'anywa kila kitu, ila nyimbo na mafunzo yao walifika nayo. Mama wa Madimba akimsikiliza Bi Kidude, anasikiliza ndugu.

Je, wajua kwamba ngoma na uigizaji pia ni ndugu? Uingereza inajivunia Phil Collins, aliyekuwa mpiga dramu na mwimbaji wa bendi ya Genesis, na aliyeigiza mwizi wa treni katika filamu ya Buster mwaka 1988. Haki yake. Lakini Wamakonde hawakuitenganisha ngoma na uigizaji tangu zamani: mchezaji wa ngoma ya midimu huvaa kinyago, akaigiza watu na viumbe, ngoma na waimbaji wakimwongoza.

Bi Kidude hakuhitaji kinyago. Katika filamu ya As Old as My Tongue ya Andy Jones, iliyotoka 2006, alionekana yeye mwenyewe, na sigara yake mkononi. Mwaka mmoja kabla alikuwa ametunukiwa tuzo ya muziki ya WOMEX.

Je, wajua kwamba jina la msondo limebebwa pia na bendi kongwe iliyoanza 1964 ikiitwa NUTA Jazz? Ndiyo Msondo Ngoma ya leo.

Na kabla ya kufariki tarehe 17 Aprili 2013, Bi Kidude aliimba wimbo wa Ahmada na kundi la Offside Trick, vijana ambao wangeweza kuwa vitukuu vyake.