Chemirocha: Mapokezi ya Mwimbaji Mgeni katika Fasihi Simulizi ya Wakipsigis

Kila mfululizo wa masimulizi ya ajabu, uwe wa vitabu au wa nyimbo, hukabiliwa na jambo moja: sehemu yake ya baadaye huikuta hadhira imekwisha kujichorea picha ya mhusika. Mhusika ni yule yule kwa jina, lakini si mali ya aliyemwanzisha peke yake tena. Wahakiki wamezoea kulichunguza jambo hili katika vitabu. Makala haya yanalitazama katika nyimbo tatu za Wakipsigis zilizorekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1950 huko Kapkatet, katika nchi ya chai ya Kericho. Wakati huo Bomet nayo ilikuwa sehemu ya wilaya ya Kericho. Ilifanywa wilaya ya peke yake mwaka 1992.

Nyimbo hizo zimeorodheshwa kwa jina moja, Chemirocha, zikapewa namba ya kwanza, ya pili na ya tatu. Namba hizo ni za mkusanyaji. Mbili za kwanza ziliimbwa na wanaume. Ya tatu, ambayo ndiyo iliyopata sifa nje ya Kenya, iliimbwa na Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana wenzake, kwa kufuatana na kinubi kiitwacho chepkong. Anayetajwa katika nyimbo hizo ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1897 na kufariki mwaka 1933. Sauti yake ilifika Kericho kwa santuri, na nyimbo hizi ziliporekodiwa alikuwa amekwisha kufa miaka kumi na saba.

Katika maelezo yake juu ya wimbo wa tatu, Tracey aliandika kwamba mwimbaji huyo alikuwa amegeuzwa kiumbe nusu mtu nusu mnyama, mwenye miguu ya swala, na kwamba wasichana wanamhimiza acheze ngoma ya kuruka mpaka aruke nje ya nguo zake. Alimlinganisha na Pan, mungu wa Wayunani wa kale. Tangu hapo wengi walioeleza wimbo huu wameusimulia kama kichekesho: watu wa mashambani walisikia santuri wasielewe, wakadhani mwimbaji ni mnyama. Maelezo hayo hayatoshi, na ushahidi wa kwanza dhidi yake umo katika jina lenyewe.

Kifonolojia, sehemu kubwa ya jina inaelezeka kwa urahisi. Kikalenjin, ambacho Kikipsigis ni tawi lake, hakitofautishi kifonimu vipasuo ghuna na visivyo ghuna. Kwa hiyo sauti ya kwanza ya Jimmie na ile iliyo katikati ya Rodgers zote mbili huwa ch, na konsonanti ya mwisho hudondoshwa. Lakini irabu ya kwanza haielezeki kwa kanuni hiyo. Kikalenjin kina irabu i, na jina lingaliweza kuanza kwa Chi. Huenda ulegevu wa irabu ya Kiingereza ulichangia. Hata hivyo, umbo lililopatikana linafanana mno na umbo la kisarufi linalojulikana kwa kila msemaji. Kiambishi awali Che- au Chep- hujenga majina ya wanawake, kama Cherono na Chepkoech, yakilingana na Kiprono na Kipkoech ya wanaume. Hupatikana pia katika majina ya vitu na viumbe, kama chepkong yenyewe na chemosit. Basi jina la mgeni halikupotoshwa. Lilipewa mlango wa kuingilia katika sarufi ya lugha.

Mfano huo wa chemosit unastahili kuangaliwa zaidi. Huyu ni zimwi la hadithi za Wakipsigis na ndugu zao Wanandi. A. C. Hollis, katika kitabu chake juu ya Wanandi kilichotoka mwaka 1909, anamweleza kuwa nusu mtu nusu ndege, mwenye mguu mmoja, na kinywa chekundu king'aacho gizani kama taa. Huwanasa watu kwa kuimba usiku, nao wakadhani kuna ngoma. Hadhira iliyolelewa kwa hadithi hizi ilikuwa na nafasi tayari kwa sauti iimbayo bila mwili kuonekana. Santuri ilileta sauti ya namna hiyo hasa. Tena Rodgers alikuwa na mtindo wa kuirusha sauti ghafla kutoka chini hadi juu na kuirudisha. Inaelekea kwamba mruko huo wa sauti ulipewa miguu inayouweza, nayo ni miguu ya swala.

Hata hivyo, wasichana wa Kapkatet hawakurudia tu hadithi ya zimwi. Chemosit huwaita watu kwenye ngoma isiyokuwapo ili awale. Katika wimbo wa tatu wanaoita ni wasichana, na kiumbe ndiye anayealikwa katika ngoma iliyopo kweli, yenye mruko wa Kikipsigis. Kitisho kimegeuzwa mchezo, na mgeni anapimwa kwa kipimo cha wenyeji: je, anaweza kuruka? Katika nchi ambayo tangu miaka ya 1920 mashamba makubwa ya chai yalikuwa yamewaleta wageni wa kila namna, swali hilo halikuwa dogo.

Hapa ndipo penye funzo kwa wataalamu wa lugha. Tracey aliposikia habari za kiumbe mwenye miguu ya mnyama, alimtafutia jamaa katika visasili alivyovijua yeye, akampata Pan. Wasichana waliposikia sauti isiyo na mwili, waliitafutia jamaa katika masimulizi waliyoyajua wao. Njia ni moja. Lakini tendo la kwanza limeitwa ufafanuzi, na la pili limeitwa kutoelewa. Tofauti hiyo haitokani na nyimbo. Inatokana na nani alikuwa ameshika kalamu.

Katika miaka ya 2010 nakala za rekodi hizo zilirudishwa kwa Wakipsigis, na wimbo ukapata hadhira nyingine tena nyumbani kwake. Anayekusanya maoni ya hadhira hiyo hana budi kuandika, pamoja na lile wasikilizaji wanalosema, kanuni ya lugha na ya masimulizi inayowafanya walisikie hivyo. Bila kanuni hiyo, kila mapokezi ya watu wengine yataonekana kuwa kosa la masikio.