Mgonjwa akiuliza kuhusu bangi, daktari amjibu vipi?

Katika kliniki zetu za Pwani swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, na mara nyingi haliulizwi kabisa. Mzee mwenye saratani ameambiwa na jirani kwamba bangi hutuliza maumivu. Mama wa mtoto mwenye kifafa ametumiwa na nduguye aliye Toronto kichupa cha mafuta ya CBD, yaani ile kemikali ya bangi isiyolevya. Wote wanajua kuwa bangi ni haramu kisheria, kwa hivyo wananyamaza. Daktari naye hataki kuonekana anaunga mkono, kwa hivyo haulizi.

Kunyamaza huko ndiko kunakoumiza. Mama akipunguza dawa za hospitali ili ajaribu mafuta, degedege zinaweza kurudi mfululizo na kumuua mtoto. Basi kazi ya kwanza ya tabibu ni kuuliza, tena kwa sauti ile ile anayoulizia mwarobaini: "Mama, kuna dawa nyingine mnazotumia nyumbani, za duka, za miti shamba, au bangi?" Daktari wa Kenya hawezi kumwandikia mgonjwa bangi, lakini kumsikiliza si kosa, na siri ya mgonjwa ni siri.

Baada ya kusikia, aseme kinachojulikana. Kuhusu kifafa kuna cha kusema. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha Epidiolex, dawa ya CBD iliyosafishwa, kwa aina mbili za kifafa kikali cha watoto: Dravet na Lennox-Gastaut. Katika majaribio iliongezwa juu ya dawa za kawaida, haikuchukua nafasi yake. Kipimo kilikuwa miligramu 10 hadi 20 kwa kila kilo ya mtoto kwa siku. Piga hesabu: mtoto wa kilo 15 anahitaji miligramu 150 hadi 300 kila siku. Kichupa chenye miligramu 300 kitakwisha kwa siku moja au mbili. Wengi wanaompa mtoto matone matatu hawajui hilo, na wauzaji hawana haraka ya kuwaambia.

CBD pia hugombana na dawa nyingine. Pamoja na valproati inaweza kudhuru ini; pamoja na klobazamu huleta usingizi mzito; kwa anayetumia wafarini inaweza kuongeza hatari ya kutokwa na damu. Kwa sababu hii pekee, daktari anapaswa kukiona hicho kichupa.

Kwa maradhi mengine ushahidi ni mwembamba. Kanada iliruhusu matumizi ya kitabibu tangu 2001, lakini mwongozo wa madaktari wake wa familia wa 2018 ulitaja hali chache tu: maumivu ya neva, maumivu ya mgonjwa wa saratani aliye katika siku za mwisho, kichefuchefu cha dawa za saratani, na kukakamaa kwa misuli kutokana na maradhi ya uti wa mgongo na neva. Hata hapo, ni baada ya tiba za kawaida kushindwa. Kwamba bangi huponya saratani yenyewe, hakuna ushahidi huo kwa binadamu.

Kwa hivyo daktari aweza kusema hivi: "Kwa ugonjwa wako hatuna ushahidi wa kutosha. Sisemi haisaidii, wala sisemi haina madhara." Asiishie hapo. Wakubaliane usiache dawa yoyote, uandike daftarini degedege au usiku wa maumivu, na urudi baada ya mwezi. Mjamzito, kijana, na aliyewahi kupatwa na wazimu au mwenye ndugu wa damu aliyepatwa, waambiwe wazi wasiiguse. Na wa bodaboda asipande pikipiki akiwa ameivuta.

Yule mzee wa saratani naye aulizwe swali jingine kabla ya yote: amewahi kupewa mofini ya kunywa? Hiyo ni dawa halali, kipimo chake kinajulikana, na wagonjwa wengi wanaotafuta bangi kwa maumivu hawajawahi kuionja.